“She cooked” au “she was cooking”? Jinsi ya kuchagua unaposimulia yaliyopita kwa Kiingereza

Tazama sentensi tatu za Kiswahili. “Nilipofika, alikuwa anapika.” “Nilipofika, alikuwa amepika.” “Nilipofika, alipika.” Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayezichanganya. Katika ya kwanza umemkuta jikoni, sufuria bado iko motoni. Katika ya pili chakula kimeshaiva. Katika ya tatu ameanza kupika baada ya wewe kuingia, na huenda anapika kwa ajili yako. Kiingereza nacho kina njia tatu, na zinalingana na hizi bila tabu:

When I arrived, she was cooking.
When I arrived, she had cooked.
When I arrived, she cooked.

Kama mambo yote yangekuwa hivi, mtu angejifunza kwa nusu saa akamaliza. Lakini ulinganifu huo unavunjika mara unapoachana na vitenzi kama “pika”. “Alikuwa anajua” si “he was knowing”. “Alikuwa amelala”, mara nyingi, si “he had slept”. “Tulikuwa tunacheza pamoja utotoni” kwa kawaida haitoki kama “we were playing”. Anayetafsiri kila “alikuwa ana-” kwa “was -ing” atapatia mara nyingi, na huko kupatia ndiko kunakomfanya asishtuke anapokosea.

Hapa chini nalinganisha umbo la kuendelea, yaani “was” au “were” pamoja na kitenzi chenye “-ing”, na maumbo yanayogombania nafasi nalo. Mshindani mkuu ni umbo sahili la wakati uliopita, lile la “cooked”, “went”, “saw”. Wengine ni “used to” na “had been -ing”, na hao nitawapa nafasi ndogo zaidi.

Muundo, kwa ufupi

“Was” huenda na I, he, she, it. “Were” huenda na you, we, they. Kukanusha ni “wasn't” na “weren't”. Kuuliza ni kubadilisha nafasi tu: “Was she cooking?” Ukilinganisha na umbo sahili, hapa kuna nafuu kubwa: hakuna vitenzi visivyofuata kanuni. Anayehangaika kukumbuka kama ni “teached” au “taught” hana shida na “was teaching”. Kinachosumbua kidogo ni tahajia. “Make” hupoteza “e” na kuwa “making”. “Run” huongeza “n” na kuwa “running”. “Lie” na “die” huwa “lying” na “dying”. “Begin” huongeza herufi, “beginning”, kwa kuwa mkazo uko mwishoni, ila “open” haiongezi, “opening”, kwa kuwa mkazo uko mwanzoni. Uingereza huandika “travelling”, Marekani “traveling”. Basi.

Urefu wa tendo si kipimo

Wengi tulifundishwa kwamba tendo refu huchukua “-ing” na tendo fupi huchukua umbo sahili. Kanuni hii ina manufaa kwa wiki ya kwanza ya masomo. Baada ya hapo ni afadhali kuiweka kando, maana inapotosha. Angalia:

She worked there for thirty years.
I was closing the door when the phone rang.

Miaka 30 imepewa umbo sahili, na kufunga mlango, kazi ya sekunde mbili, kumepewa umbo la kuendelea. Zote ni Kiingereza safi. Kinachotofautisha ni mahali ulipomsimamisha msikilizaji. Umbo sahili humsimamisha nje ya tendo, akaliona lote, mwanzo na mwisho wake. Umbo la kuendelea humtia ndani: mwanzo umeshapita, mwisho haujaonekana. Miaka 30 ya kazi imetazamwa kwa nje, imekwisha, inahesabika. Mlango unatazamwa katikati ya kufungwa.

Ukishalishika hilo, mambo kadhaa yanajieleza yenyewe. Kwanza, hesabu. Ukitaja idadi ya mara ambazo jambo lilitokea, au kiasi kilichokamilika, lazima uwe nje ya tendo ili uweze kuhesabu. Kwa hiyo “I called him three times”, si “I was calling him three times”. “She wrote four pages”, si “she was writing four pages”, labda kama unasema alikuwa katikati ya kazi ya kurasa nne hakuzimaliza. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwa watu ambao Kiingereza chao tayari ni kizuri, kwa sababu Kiswahili hakikatazi kusema “alikuwa ananipigia mara tatu kwa siku”.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, umbo la kuendelea halitoi ahadi kwamba tendo lilifika mwisho. “I wrote a letter” inamaanisha barua ipo. “I was writing a letter” haisemi kama barua ipo. “He drowned” ni msiba. “He was drowning” bado ina nafasi ya mtu kumrushia kamba. Kiswahili kinafanya vilevile: “alizama” na “alikuwa anazama” si habari moja.

Lakini si kila kitenzi kina tofauti hiyo. “I was walking” ikiwa kweli, basi “I walked” nayo ni kweli, hata kama nilikatizwa baada ya hatua kumi. “I was drawing a circle” ikiwa kweli, haifuati kwamba “I drew a circle”, kwa kuwa nikikatizwa nimebaki na kipande cha mstari uliopinda. Mwanafalsafa Zeno Vendler, mwaka 1957, aliyapanga mambo haya katika makundi manne ambayo walimu na wanaisimu wanayatumia mpaka leo: hali, kama kujua, shughuli zisizo na kikomo maalumu, kama kutembea, kazi zenye kikomo, kama kuchora duara, na matukio ya papo kwa papo, kama kufika au kugundua. Huhitaji kukariri majina yake ya kitaalamu. Unachohitaji ni kujiuliza, kabla ya kuandika “-ing”, kitenzi chako kiko kundi gani.

Kundi la mwisho lina tabia yake. Tukio la papo kwa papo halina katikati, hivyo “-ing” husogea nyuma na kuonyesha maandalizi yake. “The bus stopped” ni basi lililosimama. “The bus was stopping” ni basi ambalo bado linatembea, linapunguza mwendo. “The train was arriving” haijafika. Abiria aliyeshuka “when the train was arriving” ameruka kabla ya wakati.

Kuna pia vitenzi vya tendo dogo linaloisha palepale: knock, cough, jump, blink. Hivi vikipewa “-ing”, msikilizaji huelewa kurudiarudia. “Someone knocked” yaweza kuwa ngo moja tu. “Someone was knocking” ni hodi hodi hodi.

“When” na “while”

Kitabu cha mazoezi hukupa kanuni: baada ya “while” weka “-ing”, baada ya “when” weka umbo sahili. Kwa mtihani wa kuchagua jibu, inakubeba. Kwa kuandika, haitoshi, kwa sababu “when” inapokea maumbo yote mawili na maana inageuka:

When he came in, we were laughing.
When he came in, we laughed.

Katika ya kwanza kicheko kilikuwapo kabla ya mtu kuingia, na haijulikani kilihusu nini. Katika ya pili yeye ndiye aliyechekwa, au angalau kuingia kwake ndiko kulikoleta kicheko. Ukiandika barua ya kuomba radhi kwa mtu huyo, usikosee umbo.

“While” inapendelea “-ing” kwa kuwa inataja kipindi ambacho ndani yake jambo lingine linatokea, lakini “while I slept” ni sawa kabisa na hutumika sana katika usimulizi. Matendo mawili yanayokwenda sambamba huweza kupewa “-ing” yote mawili: “While I was washing, she was ironing.” Ukitaka msomaji aone watu wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja, chagua hivyo. Ukitaka kusema tu kwamba kazi ziligawanywa na zikamalizika, “I washed and she ironed” inatosha na ni nyepesi kusoma.

Jambo dogo la mtindo: simulizi za Kiingereza hufungua kwa “-ing” kadhaa ili kuweka mandhari, kisha umbo sahili likashika usukani. “The wind was blowing. People were hurrying home. A man stopped me.” Kisa huanza pale kwenye “stopped”. Anayeendelea na “-ing” sentensi baada ya sentensi hapigi hatua. Anabaki anapaka rangi ukuta ambao nyumba yake haijajengwa.

Pale Kiswahili kinapokupoteza

Mitego ni minne, na sioni kama ina uzito sawa.

Wa kwanza unajulikana: vitenzi vya hali. “Nilikuwa najua”, “nilikuwa naamini”, “nilikuwa nahitaji”, “kilikuwa kinamhusu”. Kiswahili hakina tatizo lolote kuvipa “-na-”. Kiingereza sanifu huvipa umbo sahili: “I knew”, “I believed”, “I needed”, “it concerned him”. Wamo pia own, belong, contain, seem, resemble. Sababu ni ileile ya awali: kujua hakuna hatua, hakuna katikati, hakuna mwisho unaosubiriwa. Ila usiichukue orodha kama sheria ya jinai. Vitenzi kadhaa vina sura mbili. “I had a car” ni kumiliki, basi umbo sahili. “I was having lunch” ni kula, basi “-ing” inafaa. “I thought so” ni maoni. “I was thinking about it” ni kazi ya akili iliyokuwa ikiendelea. “He was rude” ni tabia yake au hali yake; “he was being rude” ni vile alivyokuwa akifanya wakati ule, na yaweza kuwa si desturi yake. Kwenye “feel” unaweza kuchagua upendavyo: “I felt cold” na “I was feeling cold” zinakaribiana kiasi kwamba sitapoteza muda wako.

Vitenzi vya milango ya fahamu vinahitaji neno lao. “Nilikuwa naona taa kwa mbali.” “Nilikuwa nasikia sauti zao.” Wengi huandika “I was seeing lights”, ambayo humfanya Mwingereza afikirie kwamba ulikuwa unaumwa na kuona vitu ambavyo havipo. Chaguo la kawaida ni “I could see lights”, “I could hear their voices”. Hapo “could” haizungumzii uwezo. Inafanya kazi ambayo “-ing” haiwezi kuifanya kwa vitenzi hivyo.

Mtego wa pili unazungumziwa mara chache, nami nauona kuwa mbaya kuliko wote. Kiswahili hutumia “-me-” kwa mikao na mambo yanayoonekana mwilini. Alikuwa amelala, amekaa, amesimama, amepiga magoti, amevaa koti, ameshika kitabu, amebeba mzigo, amejificha. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “alikuwa ame-” ni “had” anaandika “When I entered, he had slept”, na msomaji anaelewa kwamba mtu huyo alikuwa ameshalala usingizi wake, ameamka, na sasa yuko macho. Kiingereza hapa kinataka “-ing”:

He was sleeping.
She was sitting by the window.
They were standing at the door.
He was wearing a black coat and carrying a bag.

Chanzo chake ni kwamba vitenzi vya Kiswahili kama “lala”, “kaa”, “vaa” hutaja kuingia katika hali, na “-me-” husema kwamba umeshaingia na bado umo. Vitenzi vya Kiingereza kama “sleep”, “sit”, “wear” hutaja kuwamo kwenyewe. Ndiyo maana kitu kimoja kinahitaji “-me-” huku na “-ing” kule.

Unajuaje basi “alikuwa ame-” ipi iende wapi? Jiulize kama wakati ule ungempiga mtu huyo picha, picha ingemwonyesha akifanya jambo hilo. Amesimama: ndiyo, picha inaonyesha kusimama, basi “was standing”. Ameondoka: picha haina mtu, basi “had left”. Amepika: picha inaonyesha chakula, si upishi, basi “had cooked”. Limebaki kundi la tatu ambalo halitaki lolote kati ya hayo mawili. “Alikuwa amechoka” ni “she was tired”. “Alikuwa amekasirika” ni “he was angry”. “Mlango ulikuwa umefungwa” ni “the door was closed”. Kiingereza kimeamua kutumia vivumishi hapo.

Mtego wa tatu ni mazoea. “Alikuwa akisoma gazeti” kwa Kiswahili inaweza kumaanisha nilimkuta na gazeti mkononi, au kwamba enzi hizo kusoma gazeti ilikuwa desturi yake. Muktadha ndio unaoamua. Kiingereza hakikuachii utata huo. Kwa yule uliyemkuta: “He was reading the newspaper.” Kwa yule mwenye desturi: “He used to read the newspaper”, au “He read the newspaper every morning.” Kati ya hizo mbili za mwisho, “used to” ina tamko la ziada kwamba desturi hiyo imekoma, kwa hiyo ichague unapotaka kuutenga wakati ule na wa sasa. Kama umeshataja “every morning”, umbo sahili linatosha na halichoshi. “Would” nayo hutumika kwa mazoea, “he would read it aloud to us”, lakini kwa matendo tu. “I would live there” haisemi kwamba uliwahi kuishi huko.

Je, “-ing” haiingii kabisa kwenye mazoea? Inaingia mahali pawili. Mazoea ya kipindi kifupi, ya kupita: “That month we were meeting every evening.” Hapo msemaji anaonyesha kwamba kilikuwa kipindi tu, hakikuwa utaratibu wa maisha. Ndiyo tofauti pia ya “I lived with my uncle” na “I was living with my uncle at the time”. Ya pili ina harufu ya kuwa mambo yalibadilika baadaye. Mahali pa pili ni lawama, pamoja na “always”. “He always lost his keys” ni taarifa. “He was always losing his keys” ina mtu anayetikisa kichwa, kwa kukereka au kwa mapenzi.

Mtego wa nne ni taarifa ya maneno ya mtu. Kiswahili husema “Aliniambia anapika”, na “-na-” haiguswi hata kama maneno yalisemwa mwaka jana. Kiingereza hurudisha wakati nyuma: “She told me she was cooking.” Kwa hiyo “was -ing” inahitajika mahali ambapo Kiswahili hakina “alikuwa” hata kidogo, na jicho linalotafuta “alikuwa” ili kutia “-ing” litapita bila kuiona. Hali iliyo kinyume chake ni “nilimkuta anapika” na “nilimwona akivuka”. Hizo hazitaki “was”: “I found her cooking”, “I saw him crossing the road.” Na ukisema “I saw him cross the road”, uliona mpaka akafika ng'ambo. Hata bila kitenzi kisaidizi, “-ing” inaendelea na tabia yake ya kutokuahidi mwisho.

Mbele ya “had been -ing”

Hapa uchaguzi ni rahisi. Ukitaja muda ambao tendo lilikuwa limeshachukua kufikia pale ulipoukatia usimulizi, “was -ing” haitoshi. “I was waiting when he came” ni sawa. Ukitaka kuongeza “for an hour”, badili: “I had been waiting for an hour when he came.” “I was waiting for an hour when he came” ndiyo sentensi inayomtambulisha mwanafunzi hata baada ya matamshi yake kunyooka.

Tumia “had been” pia pale ambapo tendo limeshakoma lakini alama zake zipo. “It was raining” ni mvua unayoiona ikinyesha. “The road was wet, it had been raining” ni mvua uliyoijua kwa barabara tu. Kama huna haja ya kutaja muda wala alama, baki na “was -ing”. Wanaoanza kulipenda umbo la “had been” hulitia kila mahali, na aya yao inakuwa nzito bila faida.

Heshima na mipango iliyokwama

Wazungumzaji wa Kiswahili wana mtaji mmoja ambao hawajui kama wanao. Tunasema “Nilikuwa naomba unisaidie kitu” ilhali ombi ni la sasa hivi, halijapita popote. Kulirudisha nyuma kunalipunguzia makali. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: “I was wondering if you could help me”, “I was hoping to speak to the manager”. Ukiilinganisha na “I want you to help me”, ya pili inasikika kama amri. “I wondered if you could help me” iko katikati, sahihi, ya kiofisi kidogo. Kwa barua pepe kwa mtu usiyemfahamu vizuri, mimi ningechukua “I was wondering” bila kusita, ila mara moja tu katika barua. Ikijirudia mara tatu inageuka kunyenyekea kupita kiasi.

“I was going to call you” ni nia ambayo haikutimia, au ambayo mwenzako ameiwahi. “I called you” ni simu iliyopigwa. Usizibadilishe unapojitetea. Na “I was leaving the next morning” ni mpango uliokuwa umeshapangwa, ukitazamwa kutoka jioni ile. Kama uliondoka kweli au ulikwama, sentensi inakuacha usubiri.

Inapokuwa kauli ya kutendwa

“Nyumba ilijengwa” ni “the house was built”. “Nyumba ilikuwa inajengwa” ni “the house was being built”. Umbo hili la pili linaonekana la kawaida leo, lakini lilianza kujitokeza katika maandishi mwishoni mwa karne ya 18. Kabla yake Waingereza walisema “the house was building”, na katika karne ya 19 walikuwapo waandishi wa sarufi waliolipinga umbo jipya kwa nguvu, wakiliona baya. Walishindwa. Ukikutana na “was building” ya nyumba katika kitabu cha zamani, usidhani ni kosa la chapa.

Kwa uandishi wa leo, jihadhari usiiache “being” njiani. “When we visited, the bridge was repaired” inasema daraja lilikuwa zima, au lilitengenezwa kwa sababu mmefika. Kama mafundi walikuwa juu yake na nyundo, ni “was being repaired”.

Kisa kimoja, kitenzi kwa kitenzi

Tuvipitie vyote kwa kisa kifupi. “Nilikuwa nimekaa mezani nikiandika barua. Nje upepo ulikuwa unavuma. Ghafla taa zilizimika. Nilikuwa najua mshumaa uko wapi, lakini sikuwa naona kitu. Nilipapasa ukutani mara mbili tatu. Nilikuwa nauwasha mshumaa taa ziliporudi.”

“Nilikuwa nimekaa” ni mkao, basi “I was sitting at the table”. “Nikiandika” inafuata bila kurudia “was”: “writing a letter”. Upepo ni mandhari, na kisa hakijaanza: “the wind was blowing outside”. Taa zilizimika ni tukio linalokisukuma kisa, umbo sahili: “suddenly the lights went out”. “Nilikuwa najua” ni hali, kwa hiyo “I knew where the candle was”, na hapo “uko” nayo imerudi nyuma ikawa “was”. “Sikuwa naona” ni “I couldn't see anything”, si “I wasn't seeing”. Kupapasa kumehesabiwa, basi “I felt along the wall two or three times”, ingawa ungeondoa hesabu ungeweza kuandika “I was feeling along the wall” ili msomaji apapase pamoja nawe.

Sentensi ya mwisho ina uchaguzi wa kweli. “I was lighting the candle when the lights came back” haisemi kama mshumaa uliwaka. “I had lit the candle when the lights came back” inasema uliwaka, na kazi ikawa bure. “I lit the candle when the lights came back” ni ya mtu ambaye ama hana akili timamu ama ana sababu yake ya kuwasha mshumaa kwenye mwanga. Kiswahili kimeandika “nilikuwa nauwasha”, kwa hiyo ya kwanza ndiyo tafsiri yake.